Tuleteeni waandishi, vitabu vyao tumekwisha kuvisoma

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu likizo ya Agosti, nalo ni riwaya za Kiswahili zinazoandikiwa vijana wa umri wangu, pamoja na waandishi wake, ambao wengi wetu hapa Mombasa tunawajua kwa majina ya kwenye majalada tu. Nina umri wa miaka 16, niko Kidato cha Tatu, nakaa Likoni na shule yangu iko kisiwani. Gazeti lako huletwa nyumbani na babu, ambaye akishamaliza kurasa za siasa hunikabidhi kurasa za lugha na za mashairi, na kwa kuwa nimezisoma kwa miaka mitatu sasa, naona ninawaandikia watu ninaowafahamu.

Feri ndiyo iliyonifanya msomaji. Anayevuka Likoni kila siku anajua kwamba kule majini hukai hata dakika kumi, bali kungoja ndiko kunakokula wakati, hasa jioni, watu wanapojazana bandani upande wa kisiwani wakisubiri lango lifunguliwe. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza nilisimama katika banda hilo na riwaya niliyokuwa nimeiazima maktabani muda mfupi kabla, kitabu kilichopoteza jalada lake la mbele na ambacho mkutubi alikishonea kadibodi ya kahawia kwa uzi mweupe. Lango lilipofunguliwa nilikuwa katika sura ya nne, pale ambapo msichana wa hadithi hiyo amejibanza katika stoo ya duka la mjomba wake, akiwasikia watu wazima wakimpangia maisha yake bila ya kumuuliza. Nikasogea kando, watu wakapita. Feri ya kwanza ikang'oa nanga, ya pili ikang'oa nanga, na ya tatu niliipanda kwa kuwa giza lilikuwa linaingia na herufi zilikuwa zimeanza kuniponyoka.

Nilipofika nyumbani mamangu alikuwa mlangoni. Sikuwa na la kusema ila ukweli, nikamnyoshea kitabu. Alikipokea, akausoma ukurasa ule ule niliokuwa nimeukunja pembe, akiwa wima, mkono mmoja umejaa unga, kisha akaniuliza: “Na huyu mjomba ni mtu wa aina gani?” Mamangu huuza mahamri na mbaazi alfajiri, na jioni ndipo hukanda unga wake. Tangu siku hiyo mimi husoma kwa sauti naye hukanda, na riwaya tisa tumezimaliza hivyo. Mhusika akikosea, mamangu huacha kukanda akamkanya, kana kwamba yumo chumbani pamoja nasi.

Nayaeleza haya kwa sababu nimewasikia watu wazima wakiziita riwaya za vijana vitabu vya kupitishia wakati, na maneno hayo huniuma. Mtoto wa miaka minane anazo hekaya zake za Sungura na Fisi, na mtu mzima anazo riwaya nzito za siasa, ndoa na ardhi, ambazo wahusika wake karibu wote ni wazazi au waajiriwa. Baina ya hao wawili yupo mtu wa miaka 12 hadi 18, aliyekwisha kuvipita vitabu vya picha lakini hajaingia katika mambo ya watu wakubwa, naye ana mambo yake ambayo si madogo hata kidogo: rafiki aliyetoa siri, wazazi wanaoachana, karo isiyolipwa na aibu ya kusimamishwa mbele ya darasa, mwili unaobadilika bila ya kuomba ruhusa. Riwaya ya vijana humweka mtu huyo katikati ya hadithi, ikamwachia aamue mwenyewe na ayabebe matokeo ya uamuzi wake. Sijakutana na kitu kingine chochote, darasani wala nyumbani, kilichonipa nafasi ya kumtazama mtu wa rika langu akikosea na kutengeneza kwa muda wa kurasa 150 bila ya mtu wa pembeni kunihubiria.

Tena lugha ina kazi yake hapa. Wengi wa wenzangu husoma riwaya za vijana za Kiingereza, zile za mitumba zinazotandazwa juu ya turubai kando ya njia mjini, nami nazisoma na nyingine nazipenda. Lakini nikisoma kuhusu theluji sina budi kuikisia, ilhali mwandishi wa Kiswahili akisema kwamba nyumba ilinuka papa mkavu, nimefika ndani ya nyumba ile kabla ya sentensi kwisha. Wapo pia vijana wengi wanaofuata simulizi za Kiswahili kwenye simu, sehemu baada ya sehemu, kila moja ikimalizikia na neno “itaendelea” pale pale ambapo moyo unadunda, na ukiwatazama wanavyodaiana sehemu inayofuata huwezi kusema kwamba vijana hawapendi kusoma. Wanasoma usiku na mchana. Kinachokosekana ni vitabu vilivyohaririwa vizuri, vilivyo karibu nao, na watu waliovitunga.

Kitabu cha pili kilichonishika ni Siku Njema, riwaya ya kwanza ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996. Mhusika wake mkuu ni Msanifu Kombo, kijana wa Tanga, mwana wa mwimbaji wa taarabu, ambaye hupewa lakabu ya Kongowea Mswahili na hufunga safari kuja Kenya kumtafuta babake. Kwa msomaji wa Mombasa majina hayo yana ladha ya pekee, maana Barabara ya Msanifu Kombo ipo hapa hapa mjini, nami huipita kwa miguu, na Kongowea ndiko kwenye soko anakonunua mamangu mbaazi zake. Nilikaa wiki nzima nikilitunga swali la kumwuliza Walibora: je, majina hayo aliyachukua kwetu, na kama ndivyo, alikuwa amesimama wapi yalipomjia? Nilipomwambia mwalimu wangu wa Kiswahili kwamba nataka kumwandikia barua, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba Walibora alifariki Aprili 2020. Wakati huo nilikuwa na miaka 10, na sikujua hata kama duniani kulikuwa na mtu wa jina hilo. Swali langu lilibaki mkononi. Tangu hapo nikisoma kitabu hutafuta kwanza kama mwenyewe yu hai.

Ndiyo maana niliposikia kwamba mwandishi wa ile riwaya yangu ya kadibodi ya kahawia angekuja Mombasa wakati wa likizo, na kwamba angezungumza na vijana katika ukumbi mdogo wa kusomea, sikulala vizuri kwa siku tatu. Sitamtaja jina lake, kwa kuwa alizungumza nasi kama mzazi na wanawe, si kwa ajili ya gazeti. Ni mama wa makamo, aliyewahi kufundisha, kwa hivyo wote tulimwita Mwalimu. Alikuwa amesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Nairobi kwa nauli yake mwenyewe, na begi lake lilikuwa moja tu, tena nusu yake ni karatasi. Tulikuwa vijana kama 30. Viti viliazimwa chekechea ya jirani, vile vifupi vya rangi, naye alikataa kiti kirefu alichotengewa akaketi kwenye kifupi kama sisi.

Nilitazamia kwamba angetufundisha. Badala yake alifungua begi akatutolea mswada wake wa kwanza, akaupitisha mkono kwa mkono. Sijawahi kushika kitu kama hicho. Kurasa nzima zilikuwa zimekatwa kwa kalamu nyekundu, sura ambayo sisi tunaijua kuwa ya kwanza ilikuwa na tarakimu 3 juu yake, ikafutwa ikaandikwa 1, pembezoni mhariri wa kampuni ya uchapishaji alikuwa ameandika, “Huyu shangazi ana kazi gani humu?” na chini yake mwandishi amejibu kwa mwandiko mdogo, “Hana. Namtoa.” Nilirudia kulisoma jibu hilo mara mbili tatu. Nilikuwa nikiamini kwamba vitabu huja vikiwa vizima, kama mkate unavyotoka tanurini, na kwamba anayeandika akakata na kuandika upya, kama ninavyofanya mimi katika daftari ninalolificha chini ya godoro, ni mtu asiye na kipaji. Kumbe kukata ndiyo kazi yenyewe. Alituambia kwamba tangu siku aliyoandika sentensi ya kwanza hadi siku aliyokishika kitabu kilichopigwa chapa ilipita miaka sita.

Ulipofika wakati wa maswali nilisimama. Katika riwaya hiyo, karibu na mwisho, babake msichana, ambaye hajaonekana kwa miaka mingi, anamwandikia barua, na msichana anaitia katika jiko la makaa bila ya kuifungua. Nikamwuliza: “Mwalimu, barua ile ilisema nini?”

Hakujibu upesi. Alisema, “Sijui, mwanangu. Nilijaribu mara nne kuiandika, na kila nilipoiandika nilihisi nimemsemea uongo yule baba.” Kisha akanigeukia na kuniuliza, “Wewe wadhani iliandikwa nini?”

Nikasema nadhani baba alikuwa akiomba radhi. Msichana mmoja wa Changamwe akasema hapana, baba alikuwa anaumwa na alitaka kumwona. Kijana mmoja aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa, akasema kwa sauti ya chini kwamba baba alikuwa anaomba pesa, kwamba wao huandika wanapotaka pesa, na kwamba msichana alijua ndiyo maana akaichoma. Ukumbi ulinyamaza. Mwandishi alitoa kijidaftari mfukoni, akamwomba arudie, akaandika. Aliyaandika majibu yetu yote, moja baada ya jingine, na mimi nikamwambia pia la mamangu, ambaye tulipofika ukurasa huo alisema kwamba barua haikuwa na neno lolote ndani, ilikuwa karatasi tupu, kwa kuwa mtu aliyemwacha mtoto kwa miaka 11 hana pa kuanzia. Hilo nalo aliliandika, akapiga mstari chini yake.

Laiti barua hiyo ingekuwa katika kitabu teule, yaani kile kilichochaguliwa kutahiniwa, tungeulizwa ni mbinu gani aliyoitumia mwandishi, tungejibu kwamba ni taharuki, na tungepewa alama mbili. Jibu lingekuwa sahihi. Lakini yule kijana wa nyuma asingesema alichokisema, na mimi nisingejua kwamba katika ukumbi ule ule alikuwapo mtu aliyeisoma hadithi hiyo kwa uchungu kuliko nilivyoisoma mimi.

Jambo jingine lilitokea siku hiyo ambalo ni lazima niliseme ingawa linanitia haya. Mwandishi alitueleza kuhusu mrabaha, kwamba katika kila shilingi 100 za bei ya kitabu chake yeye hupata shilingi 10, na mara nyingine hazifiki. Shuleni kwetu nakala ya riwaya hiyo ilikuwa moja, nasi tulikuwa tumechanga shilingi tano tano tukapiga fotokopi sura tatu nzima ili kila mmoja apate kusoma. Nilimwambia mbele ya watu. Hakunikaripia. Aliuliza tulikuwa wangapi, nikamwambia 14, akasema angefurahi zaidi kama shule ingenunua nakala saba tukasoma wawili wawili, kwa kuwa kitabu cha pili hawezi kukiandika kama cha kwanza hakimlipii hata karatasi. Hatujapiga fotokopi tena. Naandika hili kwa sababu vijana wengi wanaofanya hivyo, na hata wanaonunua nakala bandia, si wezi kwa nia. Hawajawahi kukaa mbele ya mtu anayenyimwa.

Sasa nije kwenye lalamiko langu. Waandishi huja mashuleni, sikatai, lakini karibu kila mara huja kwa sababu kitabu chao kimeteuliwa kutahiniwa, na mazungumzo huwa ni ya maudhui, wahusika, na maswali yanayotarajiwa. Kitabu kikitoka katika orodha, mwandishi naye hupotea, kana kwamba alikuwa sehemu ya mtihani. Wanafunzi wengi hata hicho kitabu teule hawakisomi. Husoma mwongozo, ule ulio na muhtasari wa kila sura na sifa za kila mhusika, na wengine huufahamu mwongozo kwa moyo wakati riwaya yenyewe bado haijafunguka mgongo. Katika shule moja niliyopata kusoma, vitabu vya hadithi vilikuwa vimepangwa vizuri ndani ya kabati la vioo lililofungwa kwa kufuli, tukavitazama kwa mwaka mzima kama tunavyotazama vyombo vya wageni. Nilipouliza niliambiwa kwamba vikitolewa vitachafuka.

Madukani hali haina nafuu kubwa. Nilipoulizia riwaya za vijana katika duka moja la mjini, muuzaji, ambaye alikuwa mtu mpole, alinionyesha rafu za vitabu vya kiada na za marudio ya mitihani, akaniambia kwamba hivyo vingine havinunuliwi. Na vikipatikana, bei nayo ni mlima. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 iliviingiza vitabu katika bidhaa zinazotozwa kodi hiyo, na leo kiwango chake ni asilimia 16, kwa hivyo riwaya ya shilingi 500 hutoka dukani kwa shilingi 580. Shilingi 80 ni nauli yangu ya matatu ya kwenda na kurudi nikishashuka feri. Siwezi kuamini kwamba nchi hii itafilisika kijana akisamehewa hizo.

Nimewahi kuambiwa, na mtu niliyemheshimu, kwamba hamu ya kukutana na waandishi ni mambo ya ng'ambo, ya watu wanaopanga foleni kusainiwa vitabu. Nilimuuliza babu, naye akaniambia habari za Muyaka wa Mwinyi Haji, aliyezaliwa mwaka 1776 na kufariki mwaka 1840, mtunzi wa mashairi ambaye Mvita, yaani Mombasa yetu hii, ilimjua kwa sura na sauti kabla ya kumjua kwa karatasi. Mashairi yake yalisemwa mbele za watu, yakajibiwa, yakabebwa vinywani, na mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua na Mwingereza W. E. Taylor walipoyakusanya, yalikuwa yangali yanakumbukwa na wazee. Hapa kwetu mtunzi alikuwa jirani. Aliyekuwa na neno la kumjibu alimjibu. Na hata karibu zaidi na wakati wetu, Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa mji huu, aliyetuzwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974 kwa diwani yake Sauti ya Dhiki, alifungwa mwaka 1969 akiwa na umri wa miaka 22, na mashairi hayo aliyatungia gerezani. Ni miaka sita tu zaidi yangu. Kijana wa Mombasa anayeambiwa hayo na mtu anayeweza kumtazama usoni hataona tena kwamba vitabu hutungwa na watu wa mbali.

Ninachoomba kinawezekana. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, inazitaja maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti, kwa hivyo naiomba Kaunti ya Mombasa, pamoja na wakutubi wetu ambao najua wanafanya kazi kwa vichache walivyo navyo, itenge Jumamosi moja katika kila likizo ya shule ambapo mwandishi wa vijana atalipiwa nauli na malazi, akaketi nasi. Asitafutiwe hoteli wala jukwaa. Viti vya chekechea vinatosha. Naomba asiletwe kisiwani peke yake siku zote, kwa sababu yuko mtoto Mtongwe, na mwingine Kisauni, ambaye nauli ya kuja mjini ni chakula cha mchana cha nyumbani kwao. Wachapishaji nao, wanapoleta vitabu teule kwa magari yaliyojaa, waongeze maboksi mawili ya riwaya za vijana ambazo hazitahiniwi, wawaachie walimu wazisome kwanza, maana mwalimu aliyekipenda kitabu hakifungii kabatini. Na Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, ambayo mwaka 2024 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliiadhimisha hapa hapa Mombasa, ipatiwe saa moja ambayo vijana watauliza na waandishi watajibu, baada ya hotuba na ngoma kwisha.

Kwako wewe, Mhariri, nina ombi moja. Gazeti lako linao ukurasa wa mashairi, na nimeona jinsi malenga wanavyojibizana humo wiki hadi wiki, mmoja kutoka Lamu, mwingine kutoka Tanga, kama zamani. Tafadhali katika miezi ya likizo tutengee pembe ndogo ya riwaya ya vijana, sura moja kila Jumamosi, iliyoandikwa na mwandishi aliye hai, na chini yake uchapishe maswali matatu ya wasomaji pamoja na majibu yake. Babu amekwisha kuniahidi kwamba ukurasa huo hatausoma kabla yangu.

Nimalizie kwa kile kitabu cha kadibodi. Siku ile ya Agosti nilikwenda nacho ukumbini kwa sababu sikuwa na nakala yangu mwenyewe, na wenzangu walipopanga mstari na vitabu vyao vipya ili vitiwe sahihi, mimi nilisimama mwisho nimekikumbatia, nikijua kwamba si changu na kwamba mali ya maktaba haiandikwi. Mwandishi alikitambua kabla sijasema neno, akapitisha kidole juu ya ule uzi mweupe, akamtazama mkutubi aliyekuwa amesimama karibu. Mkutubi aliitikia kwa kichwa. Ndipo akaandika, kwenye ukurasa wa ndani, chini ya karatasi ya mihuri ya tarehe: “Kwa atakayekiazima baada yako. Barua ilisema nini?” Kabla ya siku hiyo, katika karatasi hiyo mlikuwa na mihuri minne katika muda wa miaka miwili, na miwili kati ya hiyo ilikuwa yangu. Mwezi uliopita nilihesabu saba mipya, na pembezoni mwa ukurasa watu wameanza kujibu kwa penseli, kila mmoja kwa mwandiko wake. Jumamosi nilikwenda kuyasoma majibu hayo tena nikakikosa. Mkutubi aliniambia kimeazimwa na mvulana wa Gredi ya 9, na kwamba nyuma yake wapo wawili wanaokingoja.

Wako mtiifu,
Msomaji wa Kidato cha Tatu,
Likoni, Mombasa